Idara Isiyo na Mkuu na Birika Lisilo na Mwenyewe

Nililelewa na mapadri walioamini kwamba mtu akichelewa Misa kwa dakika tatu amemwibia Mungu dakika tatu. Kwa sababu hiyo mimi hufika kijiweni wa kwanza kila siku, kabla Mama Aneth, muuza kahawa wetu, hajapuliza mkaa wake, na wenzangu wakanipachika jina la Mwalimu Kengele. Sikuliomba jina hilo, wala sijalikataa.

Kijiwe chetu kipo Kambarage, kando ya ukuta wa mashine ya kukoboa mpunga. Kuna benchi moja refu, jiko la mkaa, birika la shaba la Mama Aneth, na vikombe vidogo visivyozidi kumi. Ijumaa niisimuliayo, saa tatu asubuhi, tulikuwa watatu: mimi, Kalisti mnunuzi wa ng'ombe, mwenyeji wa Didia, ambaye tunamwita Mnada kwa sababu huongea kama anayekimbizana na wanunuzi wengine, na Nkwabi, msimamizi wa duara la dhahabu huko upande wa Runzewe, aliyekuja nyumbani kwa wiki moja. Yeye tunamwita Duara, jina la shimo analolisimamia.

Wa nne aliingia mbio, simu sikioni. Huyo ni Abel, tunayemwita Seneti. Kwa miaka kumi na minane aliingia katika vikao vya Seneti ya chuo kikuu kimoja ambacho adabu yanizuia kukitaja. Aliingia akiwa amebeba chupa za maji, lakini masikio yake hayakuwa yamebeba kitu.

"Mwalimu, shikamoo! Mmesikia redio?"

"Marahaba. Keti kwanza, upumue."

"Sikai! Chuo chetu kimetajwa kwenye taarifa ya habari. Idara nzima imetimiza miezi saba haina mkuu. Wahadhiri wamesema hawamtaki. Wanajiongoza wenyewe!"

Duara alishusha kikombe. "Wanajiongoza kwenda wapi?"

"Kwenda mbele, bwana! Watu kumi na mmoja, wote madaktari wa vitabu. Wamesema msomi hachungwi kama mbuzi. Wameunda Kamati ya Uongozi Shirikishi."

"Mbuzi ana nafuu," Mnada akadakia. "Mbuzi kumi na mmoja, mmoja lazima atangulie kisimani. Hao nani anatangulia?"

"Wanapokezana. Kila mmoja mkuu wa idara kwa wiki moja, kwa kufuata alfabeti."

"Wiki moja!" Mnada akapiga paja. "Mimi wiki moja sijamjua ng'ombe niliyemnunua kama ana kikohozi!"

Nilimwuliza Seneti, kwa utaratibu, kilichowafanya wasomi hao waogope kiti ambacho enzi zetu watu walikitolea nadhiri.

"Mwalimu, kiti hicho ni msalaba. Ukiwa mkuu wa idara huna nguvu ya kumfukuza hata paka wa kantini, ila lawama zote zako. Ratiba imegongana, wewe. Mwanafunzi kalia, wewe. Choo kimeziba, wewe! Na huku wenzako wanaandika makala zao wanapanda vyeo, wewe unaandika dokezo la kuomba wino wa printa. Mzee aliyestaafu alikaa miaka tisa pale. Aliingia na nywele, akatoka na kofia."

"Wakakosa mrithi?"

"Walipiga kura. Ikapita kwa sauti moja. Wakamchagua Dakta Mageni."

"Sasa tatizo nini?"

"Hakuwepo kikaoni. Alikuwa msibani Mwanza."

Benchi lilitikisika kwa kicheko cha Duara. "Wamemchagua aliyekwenda kuzika!"

"Aliporudi akakuta barua mezani. Akawajibu kwa barua: kama idara inajiongoza, basi hakuna wa kumlazimisha. Wakakaa wiki tatu, wakakosa jibu, wakaunda kamati."

"Haya, mwenye zamu akiletewa jambo zito?"

"Anaandika dokezo: 'Jambo hili ni zito, lisubiri zamu ijayo.'"

"Na zamu ijayo?"

"Anaandika: 'Jambo hili lilianza kabla yangu.'"

"Na muhuri anashika nani?"

"Muhuri upo kwenye droo. Droo ina makufuli mawili, funguo kwa watu wawili tofauti, ili asijifungulie mtu peke yake. Demokrasia hiyo!"

Duara alikuwa amekwisha kusimama. Mtu huyo hawezi kusema jambo la maana akiwa ameketi.

"Sikilizeni niwaambie kitu. Mwaka juzi na sisi tulijaribu upuuzi huo. Duarani kwangu wazamaji wote wazoefu, kila mtu ana miaka kumi, ishirini chini ya ardhi. Wakasema, Nkwabi wa nini? Kila mtu anajua kazi. Nikasema sawa, nikakaa juu nikala muhindi. Sasa kwetu kila asubuhi msimamizi anazama wa kwanza, peke yake, na nyundo. Anagonga matimba yote yanayoshika kuta, gogo moja moja, anasikiliza. Gogo zima linalia hivi, lililooza linalia vingine. Akimaliza ndipo anaita watu. Jioni anatoka wa mwisho, baada ya kuhesabu vichwa. Haya. Siku ya tatu ya kujiongoza, matimba yamelala chini yote! Unajua kwa nini? Kila mmoja alijua mwenzake kayagonga."

"Wakafa?" Mnada aliuliza, sauti imeshuka.

"Ilikuwa saa ya ugali, wote wako juu. Mungu tu. Toka siku hiyo hakuna aliyeniuliza Nkwabi wa nini."

"Lakini chuo si machimbo," Seneti akajitetea. "Kule hakuna kinachomwangukia mtu. Mhadhiri akipewa bosi wa kumfokea, atafundisha anachoambiwa, si anachokijua. Wasomi kujitawala ni jambo la heshima!"

Nilikiri kwamba hoja hiyo ina uzito. Chuo ambacho mkuu wake ni nyapara si chuo. Lakini nilimkumbusha kwamba katika shule ya misheni kiranja aliyepiga kengele hakuwa bora kuliko sisi wengine, wala hakutufokea. Kazi yake ilikuwa kuamka kabla yetu. Pasipo yeye tungeamka wote, kila mmoja kwa saa yake.

Hapo ndipo tulipotambua kwamba Mama Aneth hajamimina kahawa kwa muda. Alikuwa ameshika birika, amelielekeza kwenye kikombe cha Mnada bila kuliinamisha.

"Mzee Abel," akasema polepole, "idara gani hiyo?"

"Jiolojia, Mama. Hawa wa miamba na madini."

Akaliweka birika juu ya jiko. "Ndiyo ya Aneth."

Aneth ni mwanawe wa kwanza. Kijiwe kizima kilijua kwamba binti huyo yuko mwaka wa mwisho na kwamba amemaliza kuandika utafiti wake. Tusilolijua ni kwamba utafiti huo ulikuwa umelala wiki tano ukisubiri saini moja na muhuri mmoja.

"Kila Jumatatu anaenda, anaambiwa mwenye zamu kabadilika. Jalada lake sasa limenenepa kwa madokezo kuliko kazi yenyewe. Na orodha ya wanaohitimu inafungwa leo, saa tisa. Wasipomwandika leo, ni mpaka mwakani."

"Mwakani si mbali, mayu," Mnada akamfariji, akimwita mama kwa lugha ya kwao.

"Kwako si mbali. Maabara ya Geita, ya kupima mawe, wamempa kazi. Jumatatu wanataka barua ya kumaliza masomo, la sivyo wanamwita anayefuata. Jana kanipigia, hata kulia halii tena. Anasema, 'Mama, nimechoka kubisha hodi kwenye mlango ulio wazi.'"

Duara akagonga kifua. "Aneth huyu huyu aliyekuja duarani kwangu kuchukua vipande vya mwamba? Jamani! Mtoto yule alizama mita arobaini kwa kamba! Walimu wake wamekaa kwenye gari, vioo vimepandishwa, wanasema wana presha."

"Umemzamisha mwanamke?" Mnada akashtuka. "Dhahabu haikukimbia?"

"Wiki ile tulipata kuliko mwezi mzima! Watu wangu walitaka arudi. Huyo mtoto hakuna wa kumchezea. Leo ndiyo leo!"

"Leo ndiyo leo!" Seneti akaitikia.

"Hatukubali!" akasema Mnada.

Mimi pia nilisema neno, kwa Kilatini, ambalo sasa naona halikumsaidia mtu yeyote.

Mama Aneth akatutazama mmoja mmoja. Akafuta mikono kwenye kitenge. "Basi vizuri. Mimi maneno ya ofisini siyajui. Nani ananisindikiza?"

Mashine ya mpunga nyuma yetu ilinyamaza wakati huo, na ningependa kuamini kwamba ilikuwa ni umeme tu.

"Ningekwenda mimi," Duara akaanza, akitazama barabarani, "sema basi la Runzewe la saa nne lazima nilipande. Watu wako shimoni."

"Si ulisema uko likizo?" nikamwuliza.

"Likizo ya mchimbaji, Mwalimu, si kama ya ualimu."

Mnada akasema ana madume saba yanamsubiri, na dume halisubiri. Seneti akasema yeye ndiye hasa anayefaa, na kwamba hiyo ndiyo sababu asiende. "Pale wananijua. Wakiniona watasema nimetumwa na upande fulani. Litakuwa jambo la kisiasa. Tutamharibia mtoto."

"Mwalimu?" Mama Aneth akanigeukia.

Nilimweleza, kwa lugha iliyonyooka, kwamba ziara isiyotanguliwa na barua ni kinyume cha utaratibu, na kwamba magoti yangu hayapatani na ngazi. Yote mawili ni kweli. Nayaandika hapa kwa aibu.

Seneti ndiye aliyetuokoa. "Jamani, tuamue kwa pamoja. Napendekeza Onesmo kinyozi. Kijana, msafi, ana pikipiki, anajua kuongea na watu."

"Naunga mkono!"

"Naunga mkono na mimi!"

"Yuko wapi Onesmo?" Mama Aneth akauliza.

"Hajafika bado," Seneti akajibu. "Lakini amepita kwa sauti moja."

Mama Aneth akatugeuzia mgongo. Alivua aproni. Akafungua mfuko wake, akatoa kitambaa cheupe cha kanisani, akakifunga kichwani. Akajitwika mkoba begani.

"Mama, na kahawa?" Mnada akauliza. "Birika liko motoni!"

"Nanyi si watu wazima?" akasema tayari akiwa barabarani. "Ijiongoze."

Alipanda bodaboda ya kwanza iliyopita, nasi tukabaki tukitazama vumbi.

"Tusimwangushe," nikasema. "Biashara yake iendelee mpaka arudi."

Jambo hilo lilikubaliwa kwa shangwe. Likabaki swali dogo la nani amimine. Wateja wawili, madereva wa malori, walikuwa wamekwisha kusimama mbele yetu.

"Kahawa mbili, wazee. Nani muuzaji?"

Duara akamwonyesha Mnada. Mnada akamwonyesha Seneti. Seneti akawaambia madereva wasubiri kidogo, kuna utaratibu unaandaliwa.

"Tupokezane," akasema. "Nusu saa kila mtu. Kwa alfabeti, haki bin haki."

"Safi!" Duara akasema. "Abel. A. Anza."

Seneti akasogea mbali na jiko. "Hata hivyo alfabeti ina kasoro zake. Ni mambo ya wakoloni. Sisi Waafrika tunafuata umri."

Macho yote yakanigeukia. Nilitoa hoja kwamba umri ni daraja la heshima, si zamu ya kazi. Hoja hiyo niliijenga vizuri sana, kwa mifano, na nilipofika kwenye mfano wa tatu madereva walikuwa wameondoka.

Basi la Runzewe lilipita saa nne kamili. Duara alilipungia mkono kondakta, kondakta naye akampungia, wala hakuna aliyezungumzia madume saba. Mnada alisema mtu wa kumimina hana budi kuwa mtu asiyekunywa, ili asijipendelee. Tukatazamana, tukakuta sote tunakunywa. Seneti akaanza kuandika mapendekezo nyuma ya pakiti ya sigara. Duara akauliza, kwa uchungu wa kweli, "Hivi jamani, nani kaongeza mkaa?" Kila mmoja alikuwa na hakika kwamba ni mwenzake.

"Mbona kunanuka?" akasema Mnada.

Birika lilikuwa limekauka zamani. Chini yake palikuwa pekundu, na ndani, buni ya siku nzima ilikuwa imegeuka lami.

Tulilishusha sote wanne kwa pamoja, huo ukiwa ndio uamuzi wa kwanza uliotekelezwa asubuhi ile. Vidole sita viliungua.

Hakuna aliyeondoka. Saa sita ikapita, saa saba ikapita, nasi tumeketi kama watoto waliovunja kioo cha kanisa. Saa nane na nusu bodaboda ikasimama. Mama Aneth akashuka, kitambaa kimekaa vile vile, mkononi ana bahasha.

"Imekuwaje?" tukauliza kwa pamoja.

Aliketi kwenye ncha ya benchi, akavua kiatu kimoja. "Kasainiwa. Muhuri umepigwa. Jina limeingia kwenye orodha, nimeliona kwa macho yangu."

"Kwa siku moja tu?" Seneti hakuamini. "Ulimwona nani?"

"Mimi sikumwona mtu. Nilikuta mlango umeandikwa Mkuu wa Idara, uko wazi. Ndani kiti kikubwa, kitupu, kina vumbi. Miguu ilikuwa inaniwaka. Nikakifuta kwa kitenge, nikakaa."

"Ulikaa kwenye kiti!" Seneti akashika kichwa. "Kiti chenyewe?"

"Hakukuwa na kingine. Mara anachungulia baba mmoja wa miwani. 'Shikamoo Mama. Wewe ndiye?' Nikamwambia, 'Ndimi, nimekuja.' Akatoka mbio. Dakika tano wakaja watatu. Mmoja ananilalamikia ratiba, mwingine chumba chake kinavuja, mwingine wenzake hawamsalimii. Nikawasikiliza. Mteja akilalamika si unamsikiliza mpaka mwisho?"

"Hukuwaambia wewe ni nani?"

"Niliwaambia! Yule wa miwani aliniuliza, 'Mama umetokea kitengo gani?' Nikamwambia, 'Nauza kahawa Kambarage.' Wakacheka mpaka machozi. Wakasema, 'Mama ana mizaha, tutapatana naye.'"

Duara alikuwa ameinama, anajishika mbavu.

"Nikawauliza, 'Zamu ya wiki hii ni ya nani?' Huyu akamwonyesha yule, yule akamwonyesha mwingine. Nikasema, 'Shusheni vidole. Nani kaisoma kazi ya Aneth?' Wakatazama viatu vyao. Kisha dada mmoja nyuma akasema, 'Mimi nimeisoma yote. Ni nzuri kuliko zangu.' Ndiye huyo Dakta Mageni wenu. Nikamwambia, 'Basi mwanangu, kama umeisoma, saini.' Akasaini. Akaniambia, 'Asante, Mama.'"

"Na funguo mbili za droo?"

"Wenyewe walikuwa kantini, meza moja, wanakula chipsi sahani moja. Hakuna aliyewahi kuwaita."

Akavua na kiatu cha pili. "Tena wameniomba nirudi Jumatatu. Wanasema ratiba ya mitihani imegoma."

Tulicheka wote, naye akacheka, na kwa dakika moja niliamini mambo yamekwisha. Kisha macho yake yakashuka kwenye jiko. Yakalitazama birika lake la shaba, alilorithi kwa mama yake, jeusi nje na jeusi ndani. Kicheko kikamwisha.

"Nani alikuwa analiangalia?"

Seneti akakohoa. "Mama Aneth, kwa pamoja tuliazimia kwamba..."

"Nani?"

Wakati huo Onesmo kinyozi akawasili, msafi, ananukia sabuni, hajui lolote. "Shikamooni wazee. Kuna nini leo?"

"Mwenyekiti huyo!" Mnada akapaza sauti. "Mwulize mwenyekiti!"

"Mwenyekiti wa nini?"

"Tulikuchagua asubuhi. Hongera sana, ngosha, mwanamume wewe!"

Onesmo alitazama birika, akatutazama sisi, akapiga pikipiki yake moto na kuondoka bila kukanyaga chini. Mnada akakumbuka madume yake. Seneti akasema anakwenda kuandaa taarifa ya tukio. Duara akasema kuna gari la jioni la Runzewe, na safari hii akalikimbilia kweli. Alipofika kona aligeuka, akanipigia kelele:

"Mwalimu! Nani alikuwa wa kwanza kufika leo?"

Mama Aneth alilisikia swali hilo. Alichota majivu ya jiko kwa kopo, akaongeza gunzi la mahindi na maji nusu ndoo, akaviweka miguuni pangu. Kisha akageuka pembeni, akampigia Aneth simu, na nikasikia sauti ya binti ikipiga yowe la furaha hadi upande wangu wa benchi.

Nilikunja mikono ya shati. Shaba ya zamani haitakati kwa haraka, na magoti yangu yalilalamika kuliko ambavyo ngazi yoyote ingeyalalamisha. Wakati mashine ya mpunga ilipofungwa na mwenyewe akaniaga, nilikuwa nimefika kwenye mdomo wa birika, na bado sikuwa nimeanza ndani.